Siku Oiva Alipofaulu

Chanzo cha yote ni ulimi wa Raili, mama mkwe wa Saija na bibi yake Oiva. Kila Jumapili, kahawa haijapoa mezani, ameshaanza. "Mtoto wa miaka sita hajui hata kupunga mkono! Ukoo wetu haujapata mtoto wa namna hii."

Na kweli Oiva alipunga mkono kiganja kikimtazama yeye mwenyewe. Ndivyo alivyoona: bibi akimuaga, kiganja cha bibi kilikuwa kinamtazama yeye Oiva. Saija alilijua hilo, lakini hebu jaribu kumweleza Raili uone.

Mwaka uliopita Virpi, mwanasaikolojia wa watoto pale mjini Kajaani, alimpima Oiva kama anaweza kuiga. Aligonga meza, akapiga makofi, akagusa pua, akapuliza unyoya. Oiva akamtazama tu, wala hakuinua kidole. Kwa sababu hiyo chekechea ikampa msaidizi wake peke yake, Petra, wa kumvalisha na kumvua ovaroli ya baridi, buti na glavu kila wakitoka na kuingia, maana mikono yake haikujua ianzie wapi. Sasa angepimwa tena, na kipimo hicho ndicho kingeamua kama Petra anabaki au anaondoka.

Mtu mwenye akili zake angemwacha mtoto aonekane alivyo. Saija naye alijua hivyo. Ila alikuwa amechoka kuonewa huruma, jamani, na alitaka walau siku moja amfunge Raili mdomo. Basi tangu majani yaanze kupukutika akawa anampakata Oiva, mgongo wa mtoto kifuani pake, anamshika mikono: gonga, makofi, pua, puliza. Akipatia, zabibu kavu. Akikosea, wanaanza upya. Mwanzoni mtoto alilia, baadaye akaacha.

Siku ikafika. "Haya Oiva, fanya kama mimi," alisema Virpi, akagonga meza. Oiva akagonga. Virpi akapiga makofi, na Oiva naye akapiga. Virpi akainama kuandika, uso mzima umechangamka, na hapo hapo Oiva akaweka kidole puani.

Alikuwa hajaonyeshwa! Saija aliona. Virpi akainua kichwa, akagusa pua yake, akakuta kidole cha mtoto kimeshafika. "Mwepesi huyu!" akacheka.

Pale ndipo Saija alipotakiwa kufungua mdomo. Hakuufungua.

"Hongera, Mama Oiva," Virpi alisema walipomaliza. "Kwa hali hii hana haja ya msaidizi tena. Ataangalia wenzake na atajifunza."

"Asante," alijibu Saija, na furaha ikamjaa mpaka akajionea aibu.

Jumapili Raili alikata mkate wa mdalasini, akamsogezea mjukuu kipande kikubwa. "Si nilisema? Alikuwa anadekezwa tu." Saija alikuwa amemnyamazisha kwa jambo moja, akampa jingine la kusema.

Petra akaondoka. Novemba ikaingia na matope yake ya theluji. Asubuhi Saija alimvalisha mwenyewe, akamfikisha mpaka uani mwa chekechea, akakimbilia kazini. Siku moja alitoka mapema, akapita kumchukua baada ya chakula cha mchana. Kwenye chumba cha makoti alimkuta Oiva kwenye benchi, na ovaroli yake, kofia, glavu, buti, vyote mwilini. Uso ulikuwa mwekundu na nywele zimeganda kwa jasho. Ndani wenzake walikuwa wameshakula na sahani zimeshaondolewa.

Marjut, mwalimu, alitoka akijifuta mikono. "Nilimwambia aangalie wenzake wanavyovua. Akaangalia mpaka wa mwisho, kisha akakaa. Nikasema akivua atakula, maana tumeambiwa anaweza. Nilidhani ni jeuri, Mama Oiva."

"Si jeuri," Saija alisema. "Ule mtihani nilimfundisha mimi, nyumbani. Anajua mambo manne tu, na hayo manne nilimtia mikononi kwa nguvu. Hajui kuiga. Hajawahi kujua."

Marjut akauliza polepole, "Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilitaka aonekane kama wenzake."

"Basi rudini mkapimwe upya."

"Nimeshapiga simu tangu wiki iliyopita. Foleni inafika mwakani, vuli."

"Loo. Mimi niko peke yangu na watoto kumi na wanane, dada. Leo nimemnyima mtoto chakula, na nilijiona namsaidia." Macho yake yalilengwa na machozi, lakini kule ndani mtoto alikuwa analia, ikabidi arudi.

Saija alipiga magoti sakafuni, akavua glavu moja, akavua nyingine. Vidole vya mtoto vilikuwa vimelowa. Oiva hakulalamika. Hakudai chakula. Alikuwa ameketi vile tangu walipoingia, akisubiri mtu amvue, na kama mama yake angechelewa mpaka jioni, angesubiri mpaka jioni.