Zinazoelea

Mtu hujikwaa palepale alipozoea kupita. Mama Chupa, fundi wa maabara, alikuwa na miaka kumi na moja ya kukuza seli chupani, na kila asubuhi alifanya yaleyale: anamwaga maji ya juu, anatazama chini. Seli za mwili huishi kama watu wa nyumba moja, kwa kushikilia sakafu na kushikana na majirani. Ukizibandua hazingoji kuuawa, hujimaliza zenyewe. Kwa hiyo kinachoelea ni maiti, kimwage.

Asubuhi ile chupa ilikuwa na maji yaliyovutwa kifuani mwa dada yake. Madaktari walitaka kujua kama saratani yake ya titi imehama ilikozaliwa. Mama Chupa akamwaga, akatazama chini kwa hadubini: sakafu karibu tupu, seli chache za kawaida tu. Akatoka hadi koridoni na simu kabla hajamwambia mtu.

"Dada, safi. Hakuna kitu."

"Usinidanganye kama ulivyonidanganya kuhusu yule mchumba."

"Nilisema ana meno yote. Hakuwa nayo?"

Dada alicheka mpaka akakohoa. "Basi Jumatatu siji hospitali. Nimechoka kutobolewa kama chujio, mdogo wangu."

Aliporudi ndani, daktari wa maabara, mama mfupi asiyepaza sauti, alikuwa ameshika ile chupa.

"Zilizokuwa zinaelea ziko wapi?"

"Nimezimwaga. Si zimekufa?"

"Kitendawili, fundi."

"Tega."

"Nimefukuzwa kwangu, sina pa kukanyaga, na bado nanenepa."

Mama Chupa aligeukia chombo cha taka alichomwagia yale maji.

Bahati, kilikuwa kipya asubuhi hiyo, hakijatiwa dawa ya kuulia vijidudu wala maji mengine. Akavuta tone, akalichanganya na rangi ya buluu. Seli iliyokufa huinywa rangi. Iliyo hai huikataa. Akainamia hadubini akiomba aone buluu. Maishani mwake hakuwahi kuombea maiti namna ile.

Zilikuwa nyeupe, zinang'aa, zimeshikana vichala vichala. Zilipokosa sakafu, kila moja ilikuwa imemfanya mwenziwe sakafu.

"Hizi ndizo seli za saratani zinazosafiri," daktari alisema taratibu. "Tiba ipo. Ila isicheleweshwe hata wiki."

Mama Chupa alipiga simu mara mbili ndipo ikapokelewa. Huko nyumbani watu walikuwa wanacheka, redio imefunguliwa.

"Dada, nilitazama chini tu. Zilikuwa juu, nikazimwaga."

"Zipi zilikuwa juu?"

"Jumatatu nakuja kukuchukua mwenyewe."

"Lakini nimeshawaambia watoto niko safi."

"Wape simu, niwaambie mimi. Kosa ni langu."

Redio ikazimwa. Kiti kikavutwa sakafuni.

"Waache kwanza," dada alisema. "Nimekaa. Sasa niambie mimi, polepole."