Maharage ya Ukutani Dongobesh

Bi. Mwantumu aliponiita nimchoree maua ukuta mzima wa hoteli yake hapa Dongobesh, nilifurahi mpaka nikasahau kumwamkia. Mimi nimezoea mabango: kichwa cha mwanamke saluni, jino kwenye duka la dawa, samaki kwenye duka lisilouza samaki. Maua matupu, bila neno hata moja, sikuwahi kuombwa. Na nilikuwa na sababu yangu nyingine. Mama yangu, Fransiska, anaishi kijiji cha Daudi, na kwake kuchora ni shughuli ya mtu aliyekimbia jembe. Nilitaka aje aone kwa macho yake kwamba sikukimbia bure. Nikampigia simu. Akasema atakuja akimaliza kuvuna.

Mawaridi sikuchora, mawaridi yamejaa kwenye kalenda. Nilichora maharage yaliyochanua, meupe na ya zambarau, kutoka mlangoni hadi dirisha la jikoni, na nasema bila aibu kwamba yalipendeza.

Aliyeanza chokochoko ni mzee Hhando wa Maretadu. Alisimama mbele ya ukuta na kikombe chake cha chai.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba binti. Hii ulipanda lini?"

"Sikupanda mzee, nimechora."

"Sawa. Ulichora lini?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema nimebananisha, mashina hayapati hewa, ugonjwa wa kutu utaingia.

Nilicheka. Ningejua nisingecheka. Watu wa huku hawawezi kupita kwenye shamba bila kulikagua, na kwao ukuta ule ulishakuwa shamba. Wateja waliacha kuzungumzia mpira. Walikula wamegeukia ukutani, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo walivyozidi kununa, kwa sababu maua yalikuwa yaleyale. Maharage gani haya yanachanua tu, hayafungi maganda? Mwishowe wakaacha kuagiza maharage kabisa. Walisema mbegu ya hoteli hii ni mbovu, kila mtu anaiona. Sufuria ya Bi. Mwantumu ikawa inashinda jikoni imejaa.

Bi. Mwantumu ni mfanyabiashara, habishani na mteja. Akamwita bwana shamba, Felician. Mimi nikapumua, nikijua mtu wa chuo atawachekelea mbali. Felician akavaa miwani, akachuchumaa, akapapasa majani ya chini.

"Tatizo ni palizi," akasema.

"Lakini hakuna gugu hata moja!"

"Ndiyo hapo sasa, dada. Shamba lisilo na gugu hata moja linatia shaka. Chora magugu, halafu uyapalilie."

Nikachora magugu. Nikayapalilia kwa brashi, wateja wakinionyesha nilipoacha mizizi. Maharage hayakufunga.

"Evaline," Bi. Mwantumu akaniambia, "yafunge wewe mwenyewe."

"Mama yangu hajayaona maua."

"Mama yako si mkulima?"

"Ni mkulima."

"Basi ataelewa."

Nikampigia mama aje wiki hiyohiyo. Akaniuliza nani atamvunia. Basi nikafunika ua mojamoja kwa ganda, nimekasirika. Wateja wakarudia maharage yao, wakisifu ladha. Maganda yalipokaa kijani siku kadhaa wakaanza tena kunung'unika, nikayakausha. Siku ya kuvuna walikuja wake kwa waume kama kwenye msaragambo wa kijiji, wakajipanga nyuma yangu, mimi nikifuta shina baada ya shina kwa rangi ya udongo, nikibakiza vishina tu chini. Salma wa jikoni alitandaza turubai chini ili punje zisipotee. Hakuna aliyemcheka. Hata mimi nililiruka lile turubai nisilikanyage.

Kesho yake akaja Gidamis, mfugaji kutoka upande wa Hanang, akaomba kwa heshima zote aingize ng'ombe wake wale mabaki, maana shamba likishavunwa ndivyo inavyofanyika. Bi. Mwantumu akamruhusu ndama mmoja, tena mwenye adabu. Ndama akautazama ukuta, akala kitambaa cha meza. Gidamis akashukuru sana, wakaondoka. Nikafunika na vile vishina vilivyobaki.

Ukuta ukawa udongo mtupu. Hapo ndipo mama alipoingia, kiroba cha maharage kichwani, na mimi brashi bado iko mkononi. Niliona aibu nikatamani kujificha jikoni.

"Shikamoo mama. Maua yalikuwepo. Yalikuwa mazuri kweli."

"Marahaba."

Akatua kiroba. Akatembea pembeni kabisa ya ukuta, taratibu, kama mtu anayechunga asikanyage tuta, kutoka mlangoni hadi dirisha la jikoni, akiutazama udongo wangu wote. Kisha akaichukua mikono yangu, akaigeuza, akaiangalia ilivyochafuka.

"Yote hii umefanya peke yako?"

"Peke yangu."

"Pole na kazi, mwanangu."

Tangu niache jembe alikuwa hajawahi kuniambia neno hilo. Nikalia palepale mbele ya watu, na wala hakuna aliyeshangaa. Walidhani ni uchovu wa kuvuna.