Mafuta ya Haradali Kwenye Chujio

"Plagi tena? Umeisafisha mara tatu tangu asubuhi, Lutfor! Ukiisugua zaidi itabaki uzi."

"Basi ni kabureta, shemeji. Kesho niipeleke sokoni, fundi aifungue yote."

"Kesho!" Monowara alinyoosha kidole kaskazini magharibi, ambako wingu la Boishakh, mwezi wa dhoruba, lilikuwa limeshatanda, jeusi kama tako la sufuria. "Na lile liambie lingoje kesho."

Mpunga wote wa mwaka ulikuwa umelala uani kwa miganda, haujapurwa. Ukinyeshewa utachipua hapo hapo, na nyumba nzima itanunua mchele mpaka mavuno mengine. Mumewe alikuwa kazini Dhaka. Mashine ya kupura alimwachia Lutfor, mdogo wake, aliyeipenda kuliko alivyoijua. Kila ikilishwa miganda miwili, injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikazima.

Moshi mweusi. Monowara alijikasirikia kwa kutouliza mapema. Petroli nyingi, hewa haitoshi.

"Chujio la hewa ulisafisha lini?"

"Jumatatu. Nililiosha kwa mafuta ya taa, nikalikausha, nikalipaka mafuta, kama kaka alivyonielekeza. Mimi si mtoto."

Monowara akafungua kifuniko. Sponji iliyokuwamo ilinata kama sukari guru, makapi yameigandia mpaka huoni tundu. Akainusa.

"Lutfor. Hii injini au mtungi wa achari?"

"Mafuta si mafuta, shemeji?"

"Nilimpa mimi," mama mkwe alisema kutoka barazani. "Ya haradali, safi. Wanangu sita nimewakanda kwayo tangu kuzaliwa. Hakuna hata mmoja aliyezimika."

Lutfor akaangua kicheko. Monowara alimeza neno la kwanza lililomjia, maana mama mkwe hajibiwi hivyo, akatoa la pili. "Kweli mama. Lakini wao hawakukaa siku nne ubavuni mwa injini ya moto."

Alilowesha sponji kwenye mafuta ya taa, akaifikicha kwa sabuni, akaifikicha tena. Haradali iliyoganda haikuachia. Mara ya tatu sponji ikachanika vipande viwili mkononi mwake. Na ilikuwa Ijumaa. Duka la vipuri ng'ambo ya mto limefungwa.

"Tuiwashe hivyo hivyo, bila chujio," Lutfor alisema.

"Imeze vumbi lote hili? Leo upure, kesho uzike pistoni!"

Radi ikapiga. Monowara akaingia ndani. Katika chumba cha mbele lilikuwapo godoro jipya la sponji, bado ndani ya nailoni, limenunuliwa kwa ajili ya mume wa binti yake atakayekuja Jumapili kwa mara ya kwanza tangu harusi. Hata paka alikuwa amepigwa marufuku kulikaribia. Alichana nailoni, akakata pembeni kipande chembamba, unene wa kidole.

"Wewe!" Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni. "Hilo ni la bwana harusi!"

"Atalalia upande mzima, mama. Lakini wali atataka kula."

Alikichovya kipande kwenye oili ya injini, akakikamua mpaka kikaacha kudondoka, akakipachika, akafunga kifuniko.

"Vuta kamba."

Lutfor akavuta. Injini ikashika, moshi ukatoka mwepesi, na Monowara akatupia mganda wa kwanza.