Mbolea ya Saa Sita

Mwaka 1956 Sumari alirudi Akheri kutoka chuoni Kampala, na ndani ya kitabu chake ameficha barua. Alikuwa amefeli kemia. Angerudia mtihani mwezi wa tatu, na akifeli tena basi, masomo yangeishia hapo. Nyumbani watu walikwishaanza kumwita Daktari, na jina ukishapewa, kulivua ni kazi.

Kilichomshinda ni kitu kimoja. Alishikilia kwamba mabadiliko yanayotokea yenyewe ni yale yanayotoa joto tu: kuni zikiungua, chokaa ikimwagiwa maji. Kitabu kikaja na entropia na nishati huru, akakariri fomula kama katekisimu, bila kuielewa hata kidogo.

Siku moja mama yake, Evaresta, alimwomba akoroge mbolea ya chumvichumvi kwa ajili ya miche ya kahawa. "Lakini ngoja saa sita," alimwambia.

Sumari akacheka moyoni. Msomi mzima asubiri jua ndipo akoroge ndoo? Kesho yake alfajiri alichota maji ya mfereji, baridi ya mlimani ikimng'ata vidole, akamimina mbolea na kukoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Maji yalizidi kupoa, na mbolea nyingi ikabaki chini, imegoma.

"Shikamoo mama. Haiyeyuki."

"Marahaba. Si nilikuambia? Hii inakula joto, na maji ya asubuhi hayana cha kuipa. Iache juani."

Saa sita alikoroga tena, na mbolea yote ikapotea majini. Sumari akaiinamia ndoo, kijiti cha kukorogea mkononi. Ilikuwa inanyonya joto, na bado iliyeyuka yenyewe. Chembe zilizobanana ndani ya punje zilikuwa zimepata nafasi ya kutawanyika, na kutawanyika huko ndiko entropia. Maji yakiwa na joto zaidi, kutawanyika kunakuwa na uzito zaidi, mpaka kunalishinda lile joto linalomezwa. Nishati huru ni hukumu tu ya mvutano huo: ikipungua, jambo linakwenda lenyewe. Aliona aibu, kisha furaha ikamjaa mpaka akakaa chini kwenye matope.

"Mama," alisema, "mtihani nilifeli."

"Najua. Mtu aliyefaulu haamki alfajiri kugombana na ndoo."

Mwezi wa nne alimwandikia kutoka Kampala: amefaulu, na swali la kwanza lilitaka aeleze kwa nini chumvi fulani huyeyuka yenyewe ingawa inapoza maji.

Jibu la mama lilikuja kwa penseli. "Mwanangu, nimelia kwa furaha, nimemshukuru Mungu. Ila nashangaa hao walimu wako, watu wazima, jambo kama hilo hawalijui mpaka wakuulize wewe. Kama kuna lingine limewashinda, waambie waandike. Mimi nipo."