Lilishirikishwa

Mjumbe wa makao makuu ya serikali hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti cha karani akasoma kwenye kompyuta, kwa sauti: "Jimbo lilishirikishwa, likakataa."

"Hapo pana shida," akasema.

Karani, ambaye ofisi nzima ilimwita Koma kwa jinsi alivyowasumbua watu na alama za uandishi, aligeuka kumtazama bosi wake, Katibu wa Jimbo. Katibu alikuwa anafuta miwani isiyo na vumbi.

"Ndivyo ilivyokuwa, mheshimiwa," alisema Koma. "Baraza la jimbo liliupigia kura mswada wenu. Waliokubali ni wanne tu."

"Sijabisha. Mlishirikishwa au hamkushirikishwa?"

"Tulishirikishwa."

"Basi andika hivyo, weka nukta. Sijakuambia uandike uongo."

Nchi ilikuwa imejitoa katika Umoja wa nchi jirani. Jimbo lao lilipiga kura ya kubaki, lakini wengi wape, wakaambiwa, nao wakatolewa pamoja na wengine. Tumaini lilibaki moja: ukaguzi wa vyakula, uliokuwa mikononi mwa Umoja, kisheria ungerudi jimboni. Sasa makao makuu waliutaka wao, na mswada wao ulihitaji taarifa ya jimbo kwamba limeshirikishwa. Koma alijua maana yake. Dada yake mkubwa, aliyemlea na kumsomesha, alitengeneza jibini na wanawake wenzake kumi na mmoja, na walaji wao walikuwa ng'ambo ya mpaka. Kwa mkaguzi wa jimbo ni mwendo wa nusu saa. Makao makuu ni safari ya siku mbili, na jibini laini haijui foleni.

"Mheshimiwa Katibu, tuiache ilivyo," alisema.

"Mdogo wangu, mwenye nguvu mpishe. Kwani ni nini hicho? Ni kamkato na neno moja."

Koma akavifuta. Hakuna aliyemtishia kazi, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi baadaye. Aliona haya tu kubishana mbele ya mgeni. Mjumbe alimgusa bega, akauliza chai inapatikana wapi.

Mswada ukapita. Miezi mitatu baadaye dada yake alimwita nyumbani. Kreti za jibini zilizorudishwa mpakani kwa kukosa cheti zilipangwa hadi mlangoni, na harufu ilikuwa imeingia hata kwenye mapazia. Wanawake watatu walikalia ndoo zilizopinduliwa.

"Tusomee," dada alisema, akimpa gazeti la serikali. "Wewe ndiye msomi wetu."

Koma akalifungua, akasoma. "Jimbo lilishirikishwa."

"Likasemaje?"

"Imeishia hapo."

"Basi mwakilishi wetu barazani alikubali," mmoja wa wanawake akasema. "Halafu akaja hapa kutuambia alikataa. Kikulacho ki nguoni mwako."

Aibu ilimpanda Koma hadi masikioni. Mwakilishi yule alisimama barazani saa mbili nzima akipinga, mpaka sauti ikamkauka, na yeye Koma ndiye aliyenakili kila neno. Akafungua kinywa. Dada yake alikuwa anamtazama kwa fahari ile ile ya siku alipomfunga tai ya kwanza ya kwendea ofisini.

"Mambo ya serikali yana mengi, dada," alisema.

"Hayana mengi. Huyo tunamtoa. Tuandikie barua, mdogo wangu, kwa lugha ya kiofisi, wasituone mbumbumbu."

Akaandika. Aliandika vizuri, kwa mwandiko ulionyooka, kwamba mwakilishi amewasaliti wanawake wa jibini na hafai tena kuwasemea. Dada akatia sahihi ya kwanza, wenzake wakafuata, mmoja kwa dole gumba. Kisha dada akamsogezea karatasi.

"Na wewe weka yako hapa chini," alisema. "Uwe shahidi."

Koma akaweka.