Mikwaruzo Mitano ya Gitaa la Kaka Ambakisye

Jana mchana, nikiwa nimeshiba na mlango umerudishwa, niliota ndoto. Naisimulia kama ilivyokuwa, bila kutia chumvi.

Kwanza mnifahamu. Naitwa Tusajigwe, fundi cherehani hapa Tukuyu, na kwenye kwaya ya kanisa letu mimi ndiye mpiga gitaa. Mwezi uliopita gitaa la kwaya lilivunjika shingo, mwenyekiti akaomba la kaka yangu Ambakisye, aliyeko Mbeya. Kaka alilituma kwa basi. Ndani ya mfuko kulikuwa na kikaratasi: "Lirudishwe kama lilivyo." Hakuweka hata salamu.

Sikushangaa. Miaka miwili hatukuwa tunasemezana, tangu matanga ya mama. Siku ile nilimwambia mbele ya watu wote kwamba mama amekata roho akimwita, na yeye alikuwa harusini anawapigia watu gitaa. Aliondoka kabla chakula hakijapakuliwa.

Gitaa lenyewe linang'aa kiasi kwamba unaweza kuchana nywele mbele yake. Jana asubuhi nililigeuza nilifute vumbi, kwa kuwa leo kaka alikuwa aje kulichukua. Mgongoni nikakuta mikwaruzo mitano. Nikajua ni beji ya kwaya, ile ninayoibana kifuani kila Jumapili.

Jirani yangu Mama Atupele alisema nisugue kwa dawa ya meno. Seremala wetu, Mzee Kajeba, alisema nisithubutu. "Anza na kitu laini kuliko vyote," akanielekeza. "Fuata mistari ya mbao, usizungushe. Polishi ijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Na pitisha ukucha kwenye kila mkwaruzo. Ukucha ukikwama, hapo hapana kazi yako."

Nikapanga vitu vyote mezani, nikajinyoosha mkekani nipumzike kidogo kabla ya kuanza.

Nipo kwenye foleni. Sakafu ni ya kahawia na inateleza, nami najiona ndani yake kichwa chini miguu juu. Natambua kwamba nimesimama kwenye mgongo wa gitaa, na mgongo huo ni mpana kama uwanja wa mpira. Mbele kuna dirisha la ofisi. Ndani amekaa Uzi Mnene wa gitaa, ule wa juu kabisa, amevaa miwani.

"Jipangeni kwa ulaini," anasema kwa sauti nzito inayotetemesha meza yake. "Nani laini kuliko wote?"

Kitambaa ananyoosha mkono. Namjua, zamani alikuwa fulana yangu.

"Wewe una mshono ubavuni," Uzi Mnene anamwambia. "Mwingine."

Hapo nikahisi kitu kinanitoka mdomoni. Alikuwa Pumzi yangu. Ni mwanamke mwembamba aliyejitanda shuka jeupe, na anafanana sana na marehemu shangazi.

"Ni mimi," akasema.

"Na mimi nitaishije?" nikamuuliza.

"Nimekuachia kidogo ya kuongelea. Usiitapanye."

Akapewa nafasi ya kwanza. Kitambaa akawa wa pili baada ya kung'oa mshono wake mwenyewe mbele ya mashahidi. Polishi akawa wa tatu. Mwisho kabisa alisimama Dawa ya Meno, amebana kofia yake kwapani.

"Mimi nina harufu nzuri," alisema.

"Una changarawe tumboni," akajibu Uzi Mnene.

"Ni laini sana."

"Ungekuwa laini ungeyang'arisha vipi meno ya watu? Kakae pale."

Dawa ya Meno akaenda kukaa pale. Hakuna aliyezungumza naye tena, na mimi niliona haya kwa niaba ya Mama Atupele.

Kisha ukucha wa dole gumba langu la kulia ukajichomoa bila maumivu, ukavaa kofia ya mkaguzi na kuanza kutembea. Tunamfuata nyuma. Mikwaruzo yenyewe, kwa ukubwa ule, ni kama mitaro iliyochimbwa kando ya barabara.

"Wa kwanza, nimepita," anasema Ukucha. "Wa pili, nimepita. Wa tatu, nimepita. Wa nne, nimepita."

Kwenye wa tano akatumbukia hadi kiunoni.

"Nimekwama," akatangaza.

"Andika kwamba amekwama," Uzi Mnene akaniambia, nami nikaandika, ingawa sikuwa na kalamu.

"Tafadhali," nikasema, "kaka yangu anakuja kesho."

"Hata akija leo, huo hauondoki."

Huku nyuma Pumzi alikuwa ameshapiga magoti kwenye mkwaruzo wa kwanza. Anapuliza taratibu, ukungu unatanda, halafu Kitambaa anapita juu yake polepole kufuata mistari ya mbao. Mara moja tu alijaribu kuzunguka, akashikwa na kizunguzungu, ikabidi akae. Alipopita mara ya saba, mkwaruzo wa kwanza ukainuka, ukajikung'uta, ukachukua kibegi chake.

"Tulikaa vizuri," ukaniambia, na kuondoka.

Nilitaka kuuaga lakini nilikumbuka kubana matumizi ya pumzi.

Uzi Mnene akagonga muhuri kwenye karatasi na kunipa pamoja na chupa ya Polishi. "Huyu ajaribiwe kwanza Mahali Pasipoonekana."

"Ni wapi huko?"

"Hapaonekani. Nenda moja kwa moja, hutapakosa."

Nikaenda moja kwa moja. Nilijua nimefika pale nilipotazama mikono yangu nisiione. Chupa nayo siioni, lakini nimeishika. Pana harufu ya chai ya tangawizi.

"Tusa, funga mlango," sauti ikasema. "Baridi inaingia."

Ilikuwa sauti ya kaka Ambakisye. Nikapapasa, nikaupata mlango, nikaufunga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kaa."

"Wapi?"

"Kitini."

Nikakaa. Kiti kilikuwepo.

"Uko huku tangu lini?" nikauliza.

"Tangu matanga ya mama."

"Lakini watu wanakuona Mbeya. Mwenyekiti alikukuta kazini."

"Mwili unakwenda kazini," kaka akasema. "Kwa nini usiende? Hauumwi."

Nikaona ni sawa. Nikamweleza kwamba nimetumwa kujaribu polishi. Akasema nijaribu. Nikamwaga tone, nikapapasa mpaka nikaushika mkono wake, nikasugua kidogo juu ya kiganja, kufuata urefu wa vidole.

"Inawasha?"

"Hapana. Endelea."

Nikaendelea. Nilikuwa sijaushika mkono ule kwa miaka miwili, na kidole kidogo bado kilikuwa kimepinda, tangu alipoanguka kwenye mparachichi tukiwa watoto.

"Kaka," nikasema, "nimelikwaruza gitaa lako. Mara tano. Ni beji ya kwaya. Nilitaka kuficha."

"Mara nne," akasema.

"Nimehesabu mwenyewe. Wa tano ukucha umekwama."

"Wa tano ni wangu, Tusa."

Nikaacha kusugua.

"Simu ya habari za mama ilinikuta katikati ya wimbo," kaka akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani. "Nililitupa gitaa chali kwenye kokoto, nikakimbilia gari. Bwana harusi alibaki mdomo wazi. Kufika Kiwira, tukapata pancha, na tairi la akiba halina upepo. Nikashuka, nikatembea kwa miguu, na viatu vya harusi. Nilipofika mlangoni nikasikia mnalia."

"Hukusema. Siku ile mbele ya watu, hukusema kitu."

"Ulikuwa unaongea wewe."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Lakini pumzi iliyobaki kifuani, nilipoipima, ilitosha neno moja tu. Nililitafuta kwa uangalifu, kwa sababu ukikosea huko hakuna la pili.

"Nisamehe," nikasema.

Kisha nikasikia kikombe kinasukumwa juu ya meza mpaka kikagusa vidole vyangu.

"Kunywa chai," akasema. "Ipulize kwanza, ni ya moto."

Ningeipuliza na nini? Pumzi yuko kazini, yuko kwenye mkwaruzo wa pili. Mvuke wenyewe hauonekani. Na kaka anapokukaribisha chai baada ya miaka miwili, huwezi kumrudishia kikombe. Nikainua, nikapiga funda kubwa.

Nikashtuka mkekani, nimeshika mdomo kwa mikono miwili.

Jua lilikuwa bado liko juu. Mezani polishi ilikuwa haijafunguliwa, na gitaa limelala kifudifudi kama nilivyoliacha. Lakini ulimi ulikuwa unawaka. Nikaenda kujitazama kwenye kioo cha wateja: ncha nzima ilikuwa nyekundu, na katikati lengelenge dogo. Mchana nilikula ugali na maziwa ya mgando. Moto sikuwa nimewasha tangu asubuhi.

Simu ikalia. Lilikuwa jina la kaka.

"Hikamoo, kaka," nikasema. Ndivyo ilivyotoka.

"Marahaba." "Mbona unaongea hivyo?"

"Nimeungua ulimi."

Nikasikia kikombe kinawekwa mezani, upande wake.

"Si nilikuambia uipulize kwanza?" akasema.