Minji Zilizojua Jina Lao

Saa kumi na moja jioni, wanawake wa kiwanda cha kufungasha mboga nje kidogo ya Molo hupanga foleni getini wakaguliwe. Makokha, soja wa geti, hupapasa mifuko, kisha vitambaa vya kichwani. Anatafuta minji za maganda. Zilizonyooka huenda Ulaya, zilizopinda hulishwa nguruwe wa meneja. Ukipatikana na hata moja, kazi huna.

Jumanne moja Jepkoech, mmoja wao, aliyesoma Kifaransa hadi kidato cha pili, alisoma kwa sauti jina lililoandikwa kwenye katoni: mange-tout.

"Hiyo ni nini kwani?" akauliza Namalwa, mwenzake wa mezani.

"Mange ni kula. Tout ni zote. Wafaransa waliziita hivyo juu unakula na ganda, hutupi kitu. Waingereza wakachukua jina vile liko."

"Kula zote," alisema Namalwa. "Na sisi tunapapaswa."

Jioni hiyo minji zilizopinda zilishuka kutoka kwenye ndoo za nguruwe, zikamfuata Jepkoech kwa mstari mmoja. Makokha alimkagua, hakupata kitu, akainua miguu zipite. Nyumbani ziliingia sufuriani zenyewe. Watoto wake watatu wakashiba.

Kufikia Ijumaa kila mwanamke alikuwa na mstari wake, na nguruwe walikuwa wamekonda. Meneja Kamande alimwita Jepkoech ofisini. Alikuwa ameandaa barua ya yeye kukiri kwamba neno mange-tout halina maana yoyote.

"Weka sahihi, mathe. Kesho uko kazini kama kawaida."

Jepkoech aliogopa, akaishika kalamu. Kazi nyingine Molo hakuijua. Akairudisha kalamu mezani.

"Boss, hilo neno nililipata na maana yake. Siwezi kulinyang'anya."

Alifutwa papo hapo. Kamande akaagiza katoni zenye jina lingine la Kiingereza, snow peas, minji za theluji. Siku zilipofika, theluji ilianguka ndani ya stoo, na lori likafika uwanja wa ndege limebeba maji matupu. Maji yalipozidi unga, alirudisha katoni za zamani.

Jepkoech hakurudishwa. Makokha bado hupapasa vitambaa vya kichwani, na nguruwe bado wana ndoo zao. Lakini kila jioni Jepkoech huwa nje ya geti na sufuria mbili kubwa, maji yakitokota, akingoja mistari ya minji.

"Zote?" huuliza Namalwa, akijifunga upya kitambaa chake.

"Zote!" hujibu Jepkoech, kwa sauti ya kufika ofisini.